Iulize Mashine Kabla ya Kuigusa

   

Nitaje lengo langu mapema. Sote tumewahi kufika kwenye dirisha la ofisi tukaambiwa, "Sistimu imegoma, njoo kesho." Mzee aliyefuata cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake hurudi nyumbani nauli imeshakwenda. Mama aliyekuja kuchukua majibu ya maabara hulala na wasiwasi usiku mwingine. Na mara nyingi mno, mashine iliyosemwa kuwa imegoma ilikuwa imeshaeleza kwa maandishi kinachoisumbua, ila hakuna aliyeisoma. Nimekuja kutetea jambo moja: kutatua hitilafu za kompyuta ni kazi ya kuuliza maswali kwa mpangilio kabla ya kugusa chochote, na mstari wa amri ndipo mahali maswali hayo yanapoulizwa na kujibiwa waziwazi. Nitalieleza kwa hoja sita.

Kabla ya hoja, maneno machache ya historia kwa wasio wa fani hii. Mstari wa amri ni ile skrini ya maandishi matupu: unaandika amri, unabonyeza Enter, mashine inajibu. Utamaduni wake tunaoutumia leo ulitoka katika mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani. Mwongozo wake wa kwanza ulitolewa tarehe 3 Novemba 1971, na baadhi ya amri zilizomo, kama "ls" na "cp", bado tunaziandika leo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akaanzisha Linux kwa mtindo huohuo. Tangu Novemba 2017, kila kompyuta katika orodha ya kompyuta kuu 500 zenye kasi zaidi duniani inaendeshwa kwa Linux, na simu za Android mlizonazo mifukoni zina Linux ndani yake.

Kwetu sisi kuna sababu nyingine ya kuijali. Amri ni herufi chache, kwa hiyo hazili bando. Tangu Tatu Ylönen wa Finland alipotoa SSH mwaka 1995, fundi aliye Dodoma anaweza kuingia kwenye seva iliyo Kigoma kwa njia iliyofichwa dhidi ya wadukuzi, akaihudumia kwa mtandao dhaifu ambao usingeweza kubeba picha ya skrini. Na ninyi mnaotumia Windows, msijione wageni. Mengi nitakayosema yana ndugu yake kwenu, nami nitamtaja pale inapofaa.

Hoja ya kwanza: Ujumbe wa kosa ni ushahidi, usomwe neno kwa neno

Fundi anapopigiwa simu na kuambiwa "haifanyi kazi", bado hajaambiwa kitu. Swali lake la kwanza liwe: "Imeandika nini?" Watumiaji wengi hufunga ule ujumbe haraka, kama vile wanafuta aibu. Tuwafundishe kuupiga picha kwa simu.

Chukueni jumbe mbili zinazofanana machoni mwa wengi. Umejaribu kuunganisha kompyuta na seva, ukajibiwa "Connection refused". Siku nyingine, kwa seva hiyohiyo, ukajibiwa "Connection timed out". Mtu asiyesoma husema seva imekufa, mara zote mbili. Lakini katika jibu la kwanza, kilichojibu kipo hai: ombi limefika na limekataliwa, kwa kawaida kwa sababu hakuna programu inayosikiliza kwenye poti ile. Hapo unaingia kwenye seva na kuuliza "ss -tlnp", amri inayoorodhesha poti zilizo wazi na programu zinazozishika. Katika jibu la pili hakuna aliyejibu kabisa: huenda mashine imezimika, huenda njia imekatika, huenda faiwoli inazitupa pakiti kimyakimya. Maneno mawili matatu yamekugawia kazi nusu kwa nusu, bure, kabla hujainuka kwenye kiti.

Ndivyo ilivyo kwa "Permission denied". Wengi wakiuona hukimbilia "chmod 777", yaani kumfungulia kila mtu kila mlango wa faili. Tatizo huondoka, na usalama huondoka nalo. Anayeuliza kwanza huandika "namei -l" ikifuatwa na njia nzima ya faili. Amri hiyo huonyesha ruhusa za kila folda kuanzia juu kabisa hadi kwenye faili lenyewe. Mara nyingi faili halina kosa lolote; folda moja ya katikati ndiyo iliyofungwa, na dawa ni kuifungua hiyo tu, kwa anayehusika tu.

Hoja ya pili: Anza karibu, kisha nenda mbali

Hoja hii inahusu malalamiko tunayoyasikia kuliko yote: "mtandao hakuna." Mtandao ni mnyororo, na kila pete yake hupimwa peke yake.

Swali la kwanza: je, kompyuta yangu ina anwani? Kwenye Linux andika "ip addr". Kwenye Windows andika "ipconfig". Ukiona anwani inayoanza na 169.254, simama hapohapo. Maana yake kompyuta iliomba anwani, haikupewa, ikajipa yenyewe. Usiulaumu mkonga wa baharini. Angalia kebo, swichi, au kifaa kinachogawa anwani ofisini mwako. Swali la pili: je, ruta inajibu? Andika "ping" na anwani ya ruta. La tatu: je, nje kunajibu? Andika "ping 8.8.8.8", anwani ya Google inayojulikana kujibu. La nne: je, majina yanatafsiriwa? Andika "ping" na jina la tovuti. Namba zikijibu na majina yakakataa, mtandao upo mzima. Kilicholala ni DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983 ili kugeuza majina kuwa namba. Amri ya "dig", au "nslookup" kwa wa Windows, itakuambia ni nani aliyeulizwa jina hilo na amejibu nini.

Amri ya ping iliandikwa na Mike Muuss mwezi Desemba 1983, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani, akaipa jina la mlio wa chombo kinachopima vitu chini ya maji kwa sauti. Wazee wetu wa pwani wanaijua kazi hiyo bila umeme: nahodha akikaribia maji asiyoyajua hushusha bildi, akasoma kina, ndipo akaamua kuendelea au kugeuza tanga. Fundi naye apime kabla ya kugeuza chochote.

Na ping haisemi ndiyo au hapana tu. Husema pia muda. Mwanga ndani ya nyuzi za mkonga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za mkonga huongeza kama milisekunde 10 kwa safari ya kwenda na kurudi. Ukiujua muda wa kawaida wa njia yako, siku utakapopanda mara mbili au tatu utajua njia imebadilika au imesongamana, hata kabla mtumiaji hajalalamika. Basi andikeni vipimo vya siku njema. Asiyejua hali ya kawaida hawezi kuitambua hali mbaya.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 wengi wetu tunaikumbuka. Mikonga ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu chini ya bahari upande wa kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wengine wakakosa intaneti au wakaipata kwa kusuasua. Siku kama ile, ofisi nyingi zinaweza kuzima na kuwasha ruta kutwa nzima bila faida. Dawa ya kujua ni "traceroute", iliyoandikwa na Van Jacobson mwaka 1987. Kwenye Windows inaitwa "tracert". Ufundi wake unapendeza. Kila pakiti ina hesabu ya vituo inavyoruhusiwa kupita. Traceroute hutuma pakiti ya kituo 1, ikafia kituo cha kwanza, na kituo hicho kikarudisha taarifa ya kifo. Kisha hutuma ya vituo 2, vituo 3, na kuendelea, hadi ramani ya njia yote ijichore. Ukiona vituo vya ofisini na vya mtoa huduma wako vinajibu, kisha kimya kinaanzia pale njia inapotoka nchini, unajua ruta yako haina kosa. Unawaambia wateja ukweli, na unahamishia nguvu zako kwenye kazi zinazoweza kufanyika bila njia ya nje.

Tahadhari moja: baadhi ya vituo vimewekwa visijibu ping wala traceroute. Nyota tatu katikati ya safari, huku vituo vya mbele vikijibu, si ugonjwa.

Hoja ya tatu: Mambo madogo hupimwa kwanza

Nilishawahi kuingia kwenye maabara ya kompyuta ya shule moja ambako walimu walisema intaneti "inafungua WhatsApp kwenye simu lakini kompyuta zinakataa." Kila tovuti waliyofungua ilileta onyo kwamba si salama. Fundi alishashauri kupiga window upya mashine zote. Tukafungua dirisha la amri kwenye mashine mojawapo. Ping kwa namba ilijibu. Ping kwa jina ilijibu. Tukauliza tarehe, na kompyuta ikajibu kuwa iko miaka mingi iliyopita.

Wasikilizaji wangu, tuangalie hapo kilichotokea. Ndani ya kompyuta kuna betri ya duara ya volti 3, nyingi huitwa CR2032, inayoendesha saa wakati umeme haupo. Betri ikichoka, kila umeme unapokatika saa hurudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani. Tovuti salama nazo hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba mwaka wa leo bado haujafika hukiona cheti hicho hakijaanza kutumika, na hukataa kwa haki kabisa. Kupiga window kungeirekebisha saa kwa siku chache, hadi umeme ukatike tena. Kazi za wanafunzi zingekuwa zimefutika, na ugonjwa ungerudi palepale. Dawa ilikuwa betri mpya na kurudisha saa. Kwenye Linux nyingi za leo, "timedatectl" huonyesha saa na kusema kama inalinganishwa na seva za muda, na "timedatectl set-ntp true" huwasha ulinganisho huo.

Kwa hiyo, kabla ya dhana kubwa, pimeni vitu vinne: umeme, kebo, saa, na nafasi kwenye diski. Hivi vinne hupimwa kwa dakika chache, na huvaa sura za matatizo mengine yote.

Hoja ya nne: Soma logi kabla ya kuzima na kuwasha

Ndugu Mwenyekiti, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tunapopoteza mengi.

Kuzima na kuwasha ni dawa halali, na sisemi iachwe. Lakini ni dawa inayofuta ushahidi. Kilichokuwa kimejaa kwenye kumbukumbu ya muda hutoweka, orodha ya programu zilizokuwa zikitafuna mashine hutoweka, na mara nyingine hata jumbe za kiini cha mfumo hutoweka. Huduma inarudi, kila mtu anashangilia, na wiki ijayo inaanguka tena kwa sababu ileile isiyojulikana. Naomba dakika tatu tu kabla ya kuizima. Andika "uptime" uone mzigo. Andika "free -h" uone kumbukumbu iliyobaki, ukitazama safu ya mwisho inayoonyesha inayopatikana, kwa maana Linux hutumia kumbukumbu isiyo na kazi kuhifadhi faili zilizosomwa karibuni na kuiachia inapohitajika. Andika "df -h" uone diski. Andika "systemctl --failed" uone huduma zilizoanguka. Andika "journalctl -p err -b" usome makosa yote yaliyoandikwa kwenye logi, yaani daftari la matukio ya mashine, tangu ilipowashwa. Majibu yote yaelekezwe kwenye faili moja lenye tarehe, ndipo uzime.

Kama mmeshachelewa na mashine imeshazimwa, "journalctl -b -1" huonyesha logi za mwasho uliotangulia, ilimradi seva imewekwa kuhifadhi logi zake kwenye diski. Hakikisheni folda ya "/var/log/journal" ipo. Kama haipo na hakuna mfumo mwingine unaoandika logi, huenda kila kuzima kunafuta historia yote.

Niwaonyeshe kisa kimoja kwa karibu, kwa sababu kinatokea kila mahali. Mfumo wa malipo umekataa kuandika, na ujumbe unasema "No space left on device", yaani diski imejaa. Unauliza "df -h", unajibiwa asilimia 100. Unatafuta nani amejaza: "du -h --max-depth=1 /var | sort -h | tail". Angalieni vile vistari wima. Ni wazo la Doug McIlroy lililoingizwa kwenye Unix mwaka 1973: kauli ya amri moja inamiminwa kwenye amri inayofuata. Hapa "du" inapima folda, "sort" inazipanga kwa ukubwa, "tail" inabakiza zile kubwa za mwisho. Amri tatu ndogo zimejibu swali ambalo hakuna programu moja iliyoandikwa kulijibu. Unagundua logi moja imefika gigabaiti 40. Unaifuta kwa "rm". Unauliza tena "df -h". Bado asilimia 100.

Hapa ndipo mafundi wengi hukata tamaa na kuzima seva. Lakini mashine haijasema uongo. Kwenye Linux, jina la faili na maudhui yake ni vitu viwili. "rm" huondoa jina; maudhui hubaki kwenye diski hadi programu ya mwisho iliyolishika faili hilo ilifunge. Mfumo wa malipo bado unaliandikia faili lisilo na jina. Andika "lsof +L1", utaorodheshewa faili zote zilizofutwa ambazo bado zimeshikwa, pamoja na programu zinazozishika. Anzisha upya huduma hiyo moja, na gigabaiti 40 zitarudi papo hapo. Siku nyingine, badala ya kulifuta, lipunguze hadi sifuri kwa "truncate -s 0" na jina la faili. Kisha uiweke "logrotate" ifanye kazi hiyo kila wiki, usije ukaitwa tena kwa ugonjwa uleule.

Na ikitokea "df -h" inasema nafasi ipo lakini mashine inakataa kuandika, ulizeni "df -i". Diski ina idadi maalumu ya faili inazoweza kuzibeba. Mamilioni ya vifaili vidogo huimaliza idadi hiyo huku gigabaiti zikibaki tele.

Hoja ya tano: Badilisha kimoja kwa wakati, na uwe na njia ya kurudi

Tumeshauliza, tumeshajibiwa, sasa tunagusa. Hapa uungwana wa fundi ndio hujulikana.

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani, alikuwa akihangaika na seva mbili za data: ya msingi na ya akiba. Alikusudia kufuta folda kwenye seva ya akiba. Amri ikatekelezwa kwenye seva ya msingi. Aliisimamisha ndani ya sekunde moja au mbili, lakini kati ya gigabaiti takriban 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakageukia nakala rudufu, na hapo ndipo lilipojitokeza jambo zito zaidi ya kosa la usiku ule: nakala za kila siku zilikuwa hazitengenezwi, kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua saa 6 kabla kwa ajili ya kazi nyingine. Kampuni ile ilifanya jambo la kupigiwa mfano: ilitangaza kila kitu hadharani, hatua kwa hatua, ili dunia ijifunze.

Tunajifunza nini? Kwanza, kabla ya amri yoyote ya kufuta, uliza "hostname" ujue uko kwenye mashine ipi, na "pwd" ujue uko kwenye folda ipi. Wenye seva nyingi, wekeni rangi tofauti kwenye dirisha la kila seva muhimu. Pili, andika "ls" na kigezo kilekile unachotaka kukifuta, tazama orodha, ndipo ubadilishe "ls" kuwa "rm". Kwa "rsync", amri ya kunakili faili, ongeza "-n" ikuonyeshe itakachofanya kabla ya kukifanya. Tatu, kabla ya kuhariri faili la mipangilio, linakili na ulipe jina lenye tarehe, kisha kagua uandishi wake: "nginx -t" kwa seva ya tovuti, "sshd -t" kwa SSH. Nne, ukibadilisha SSH au faiwoli ya seva iliyo mbali, acha dirisha moja likiwa limeunganishwa hadi uhakikishe dirisha jipya linaingia. Fundi aliyejifungia nje ya seva ya mkoa mwingine hulipa nauli ya basi. Tano, kazi ndefu ifanyikie ndani ya "tmux", ili umeme ukikatika kwako kazi iendelee kule kwenye seva, nawe urudi uikute.

Na la sita ninalisisitiza mbele yenu wakuu wa idara, maana ni lenu kuliko la mafundi: nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa haijathibitishwa kuwa nakala. Ratibuni siku ambayo fundi atachukua nakala ya jana, airejeshe kwenye mashine nyingine, na kufungua rekodi moja mbele yenu. Mkiiona imefunguka kwa macho yenu, laleni usingizi.

Hoja ya sita: Andika, ili mwingine asianze sifuri

Fundi hodari anapohama ofisi, mara nyingi huhama na ofisi nzima kichwani mwake. Hii ni hasara ya umma. Kila ofisi iwe na daftari la hitilafu, la karatasi au la faili, lenye safu tano: tarehe, ujumbe ulioonekana, swali lililoulizwa, jibu la mashine, na kilichobadilishwa. Mashine yenyewe inawasaidia. Amri ya "script" hurekodi kila kilichoandikwa na kila kilichojibiwa kwenye dirisha. "history" hukumbusha amri zilizopita. "man" ikifuatwa na jina la amri hufungua mwongozo wake hapohapo, bila bando wala mtandao.

Vijana wangu, hili la mwongozo nawaambia ninyi hasa. Msinakili amri mliyoikuta mahali mkaitekeleza kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, kabla ya kuielewa kila neno. Fungueni "man", someni kila kistari kinafanya nini. Amri isiyoeleweka ikifanikiwa, hujajifunza kitu. Ikiharibu, hujui pa kuanzia.

Hitimisho

Ndugu zangu, nimesema soma ujumbe, anza karibu kisha nenda mbali, pima madogo kwanza, soma logi kabla ya kuzima, badilisha kimoja ukiwa na njia ya kurudi, na andika. Ukiyaweka pamoja, yote yanasema jambo moja: mashine huwa na jibu, na wajibu wetu ni kuiuliza vizuri.

Basi nipendekeze mambo matatu ya kufanywa kuanzia kesho. La kwanza, vyuo vyetu vya ufundi viwatahini wanafunzi kwa hitilafu halisi: mwanafunzi apewe seva iliyoharibiwa makusudi, na alama zitolewe kwa maswali aliyouliza kabla ya kugusa, hata kama dawa ameipata mwingine. La pili, maofisa TEHAMA wa wilaya moja wakutane mara kwa mara wakiwa na madaftari yao, wasomeane visa, kwa sababu diski iliyojaa hospitalini leo itajaa halmashauri kesho. La tatu, visa hivyo vichapishwe kwa Kiswahili chepesi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walituonyesha kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kuzungumza Kiswahili. Kitabu cha hitilafu mia na namna zilivyotatuliwa, kilichoandikwa na mafundi wetu wenyewe, ni kazi ndogo kuliko ile, na nina hakika waandishi wake wamo humu ukumbini.

Ofisi itakayofanya hivi haitamwambia tena mzee "sistimu imegoma". Itamwambia, "Mzee, diski ya seva imejaa, tunaisafisha, baada ya nusu saa utahudumiwa." Mwananchi anastahili jibu la namna hiyo, na uwezo wa kumpa tayari tunao.

Ndugu Mwenyekiti, naomba nikome hapa nipokee maswali. Waliokuja na kompyuta, zifungueni. Tutajibu kwa amri.